Vyote Viko D

Kosa ni langu, na nalikiri mwenyewe kabla hamjalisikia kwa shemeji yangu Mutamam, maana yeye akilisimulia huongeza chumvi. Mimi Aslikhan, mwenye stashahada ya kompyuta inayoning'inia ukutani mwaka wa ishirini na tatu huu, nilifuta michoro mia mbili na kumi na nne ya mama yangu kwa kidole kimoja, mchana kweupe, mkono wa pili umeshika bakuli la supu ya nyati. Na supu nikaimaliza. Hilo Mutamam hasahau kulitaja, na ni kweli.

Ilianza kwa nia njema. Mwaka ule ilitangazwa kwamba mfumo wa kompyuta tuliouzoea wote hautapata tena kinga mpya, na anayetaka usalama ahamie mfumo unaofuata. Sasa hapa mtaani kwetu Kudus, kisiwani Java, kompyuta ni za mkono wa tatu, wa nne. Ukiziwekea huo mfumo unaofuata zinahema kama hajati aliyepanda ngazi za mlima Muria na mfuko wa mchele kichwani. Mimi nikasema, jamani, kuna Linux. Ni bure, ni nyepesi, virusi haivijui. Nitawahamisha wote, na malipo yangu ni chai.

Nikaanza na mke wangu. Akanuna siku mbili, ya tatu akasahau kwamba amenuna. Nikamhamisha binamu, nikamhamisha muuza jenang, ile halua yetu ya unga wa mchele, nikamhamisha Wak Jasmani anayetunza msikiti mdogo wa mtaa. Bu Rumanah, mwalimu wa chekechea, alinipigia simu mara tatu siku ya kwanza, akiniita Mas, yaani kaka.

"Mas, lile pipa la taka limehamia wapi?"

"Liko chini kulia, Bu."

"Mie langu lilikuwa juu kushoto tangu niolewe."

"Basi libebe ulipeleke kushoto."

"Likimwagika?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ila nilikwenda, nikalibeba, nikaliweka kushoto. Ndivyo nilivyofanya nyumba thelathini na moja. Kila nyumba nilikuwa nachukua kwanza vitu vyao vyote, nakala moja kwenye diski yangu ya kubebea, kisha nafuta, kisha naweka mfumo mpya, kisha nawarudishia. Utaratibu huo niliushika kama sala.

Hapo niseme habari ya D. Ukinunua kompyuta kwetu, duka linaigawa diski vipande viwili: C ya mfumo, D ya vitu vyako. Mifumo yetu mingi ni ya kunakili, inaanguka kila baada ya miezi, na kila ikianguka fundi anapiga windo, yaani anaweka Windows upya. C inafutwa, D haiguswi. Basi mimi mwenyewe ndiye niliyewahubiria mtaa mzima miaka ishirini: C ni sebule, wageni wanaingia na matope, D ni chumba cha ndani. Weka D, ulale. Watu wakaamini kuliko nilivyotarajia. Kwetu mtu hasemi nimehifadhi, anasema iko D. Hati ya kiwanja iko D. Picha za arusi ziko D. Bu Rumanah kuna mjane mmoja alimposa akamuuliza habari za mume wa kwanza, akamjibu, "Yule nimeshamweka D."

Na dada yangu Zulaekah, Mbak Zul, alikuwa muumini wa kwanza.

Yeye ananizidi miaka sita. Anadarizi blauzi za kebaya, kazi aliyoirithi kwa Mak, mama yetu. Mak alikanyaga cherehani miaka hamsini, akitia nakshi kwa mguu na macho tu, na michoro yake aliichora nyuma ya karatasi za kalenda: ua la msufi, mkia wa tausi, tunda la mkomamanga lililopasuka. Hakuna mwingine mjini mwenye ua la msufi lile. Petali zake zinalala upande mmoja kama zimepigwa upepo, na mama za maharusi walikuwa wanakuja kutoka Jepara na Demak kulifuata. Miaka kumi na mmoja iliyopita Mbak Zul alipata mashine ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta, akaanza kuihamisha michoro ya Mak mmoja mmoja, mshono kwa mshono. Ua moja wiki nzima, Mak amekaa pembeni anamwambia, "Hapana, uzi unatoka huku, unarudi huku." Halafu yakaja mafuriko, sanduku la karatasi likawa uji. Mbak Zul alilitupa bila kutoa chozi. Alisema, "Viko D."

Mak sasa ana miaka themanini na moja. Macho yamefifia, mikono inatetemeka hata kijiko hakimtii. Michoro ilikuwa mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo nilipapendekeza mimi.

Mbak Zul hakutaka kuhama. Nilimwandama wiki tatu.

"Khan, mie sitaki. Inafanya kazi."

"Inafanya kazi kama pikipiki isiyo na breki inavyokwenda, Mbak."

"Wewe tangu utotoni ukiona kitu kizima lazima ukifungue. Saa ya Bapak iliishaje?"

"Ilikuwa inachelewa."

"Ikaacha kuchelewa kabisa."

Mutamam, mumewe, alicheka akapaliwa na moshi wa sigara yake ya karafuu. Ila kompyuta yao ilikuwa imeshaanza kugandaganda katikati ya kazi, sindano inasimama ndani ya kitambaa, na siku moja iliharibu mgongo wa kebaya ya bibi arusi. Hapo akalegea. Akasema njoo Jumapili, lakini usiguse kitu kingine.

Nikaenda Jumapili mchana. Nyumba imejaa ndugu, Mbak Zul yuko jikoni anagawa supu, mimi nimekaa mbele ya kompyuta nawasimulia kisa cha pipa la Bu Rumanah. Diski yangu ya kubebea sikuwa nayo. Niliiacha kwa huyohuyo Bu Rumanah, inanakili picha za mahafali ya chekechea. Nikapaza sauti kuelekea jikoni:

"Mbak, vitu vyako umeshahifadhi vyote?"

"Vyote viko D," akajibu.

Basi. Mnisikilize hapa, maana hapa ndipo nilipokufa. Mtu mwingine yeyote angeniambia neno hilo nyumba nyingine yoyote ningesema ngoja, nikatoe. Lakini nilikuwa nimekaa kwa dada yangu, nimeshiba sifa, na sikio langu lilisikia neno nililolipanda mwenyewe miaka ishirini: D, yaani salama. Kompyuta ikaniuliza, mfumo huu ukae kando ya ule wa zamani au nifute diski yote? Swali hilo nilikuwa nimeshalijibu mara thelathini na moja. Kidole kilikwenda chenyewe. Nadhani wakati huo nilikuwa nimefika kwenye neno "likimwagika".

Ule mfumo mpya haujui C wala D. Unaona diski moja. Ule mpaka tulioutegemea sisi, kwake ni mstari wa chaki sakafuni.

Baada ya dakika ishirini ikatokea picha nzuri ya mlima. Watu wakapiga makofi. Mbak Zul akaja anajifuta mikono, akanipa bakuli la pili, akainama kuangalia.

"Nzuri," akasema. "Inafunguka upesi. Programu yangu ya kudarizi iko wapi?"

"Ile haipandi huku, lakini ipo nyingine ya bure, nitakufundisha."

"Hukuniambia hivyo."

"Utaizoea."

"Na D iko wapi?"

"Huku hakuna D, Mbak," nikasema, mdomo umejaa.

Nikasikia nilichokisema. Nikatafuna kile kipande cha nyama, nikakimeza. Halafu nikasema, "Mbak, nadhani nimefuta."

"Acha mzaha."

"Sifanyi mzaha."

"Khan, kuna mama anakuja Alhamisi kwa ua la msufi. Acha mzaha."

Mutamam naye akaanza kutabasamu anasubiri mwisho wa kichekesho. Wote walikuwa wanasubiri. Ukiwa mcheshi miaka hamsini, siku unayoleta msiba watu wanakaa vizuri wacheke. Ilibidi niseme mara nne, ndipo Mbak Zul alipovuta kiti akakaa.

Niliichukua kompyuta ile kwangu siku tatu. Nilitumia kila programu ya kufufua ninayoijua na mbili nisizozijua. Lakini mwaka juzi nilimwekea diski ya aina ile ya kasi, mimi mwenyewe, zawadi ya Idi, na diski za aina hiyo zikiambiwa zifute zinafuta kweli. Sikupata hata jani.

Siku ya nne, niko chooni, nikakumbuka: diski ya zamani. Ile niliyoitoa mwaka juzi kumwekea hii ya kasi. Michoro ya miaka tisa ilikuwa humo. Nilitoka mbio hata suruali sijaifunga vizuri, mke wangu anauliza kuna nini, nikamwambia kuna Mungu. Nikapekua makabati mawili. Halafu nikakumbuka nilimpa nani, nikaenda polepole.

Wak Jasmani alikuwa anafagia ukumbi wa msikiti.

"Wak, ile diski niliyokupa mwaka juzi, ya kamera."

"Mas, Mungu akulipe. Nzuri sana ile. Haijakata hata siku moja."

"Inarekodi tu?"

"Mchana na usiku. Ikijaa inajifuta yenyewe, inaanza upya. Kila siku kumi na nne. Wewe ndiye uliyeitengeneza hivyo, umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa natumaini yeye amesahau, kwamba labda waya umechomoka, labda panya. Akanikalisha mbele ya skrini anionyeshe. Kamera moja tu, inatazama mlangoni, kwa sababu watu walikuwa wanaibiwa ndala. Tukaangalia ndala. Ndala za swala ya alfajiri, ndala za adhuhuri.

"Mwizi mlimpata?" nikauliza, ili niseme kitu.

"Mbwa," akasema Wak Jasmani. "Anachukua za kushoto tu."

Siku nyingine ningekipeleka kisa hicho mtaa mzima. Nilimwomba diski, akanipa bila kuuliza. Nikaipekua wiki nzima. Ilikuwa na ndala, na chini ya ndala hizo kulikuwa na ndala za wiki mbili nyuma. Miaka miwili ya ndala zilikuwa zimepita juu ya kila petali. Nikamrudishia.

Nilipokwenda kumwambia Mbak Zul nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nilitamani hivyo. Alikuwa kwenye mashine, ameazima kompyuta ya rafiki yake, anadarizi majina kwenye fulana za klabu ya mpira wa vinyoya. Aliniona, akasimama, akanipa kiti.

"Karibu uketi, ndugu Aslikhan," akasema. "Utapenda chai? Pole kwa kusumbuka kote huku."

Kwa lugha ya juu.

Kijava kina lugha ya chini ya kusemea nyumbani, na kina ile ya juu, ya wakwe, ya wageni, ya wakubwa ofisini. Dada mkubwa hamsemeshi mdogo wake kwa lugha ya juu. Hakuna sababu. Mimi kwake nilikuwa "wewe" tangu nizaliwe, wewe Khan, wewe mwehu, wewe njoo ule. Siku ile kila neno lilikuwa limevaa viatu. Nikamweleza habari ya diski ya msikitini, akasikiliza, akaitikia kwa adabu zote, akashukuru. Hakuna alipokosea. Nilikunywa chai ile kama mtu aliyekuja kuposa akakataliwa.

Mutamam alinisindikiza mpaka getini.

"Mie alinisemesha hivyo nilipouza pikipiki bila kumwambia," akasema.

"Ilichukua muda gani?"

"Miezi minane. Lakini ile ilikuwa pikipiki, Khan."

Ikabaki njia moja. Nikanunua karatasi kubwa na penseli laini, nikaenda kwa Mak chumbani kwake. Nilimkuta amekaa kitandani anatafuta redio kwa vidole.

"Mak, nichoree ua la msufi."

"La nini?"

"Nataka tu. Ukumbusho."

"Zul analo. Ameyaweka yote kwenye D," akasema Mak, ambaye hajawahi kuigusa kompyuta, ambaye akiita televisheni anaiita redio yenye picha. "Mwambie akutolee."

Hapo ndipo nilipojua hakuna aliyemwambia. Wiki tatu zilikuwa zimepita. Mbak Zul anamlisha uji asubuhi na jioni na hajamwambia.

"Kompyuta yake inatumika, Mak. Nichoree moja."

Akashika penseli. Nikamwekea mkono juu ya karatasi. Alianza vizuri, kikonyo kikapanda. Kwenye petali ya kwanza mkono ukaruka. Akarudi, ukaruka tena. Alikuwa ameweka uso karibu kabisa na karatasi, ncha ya pua inagusa risasi ya penseli. Alichora kama robo saa. Kilichotoka ni mistari ya kuku aliyepekua jivu.

"Limetoka?" akaniuliza.

"Limetoka, Mak."

"Petali zimelala upande gani?"

Sikujua. Miaka yote nimekulia chini ya cherehani ile, ua lile nimedariziwa kwenye mto, nimejifutia nalo pua, na sikujua zimelala upande gani.

"Kulia," nikasema.

"Uongo," akasema Mak. "Zinalala kushoto. Kwani hiyo kalamu ni mbovu? Muulize Zul."

Nilipiga picha karatasi ile nikamtumia Mbak Zul. Alijibu kwa maandishi, kwa lugha ya juu, kwamba anashukuru.

Tulitafuta pia kebaya za zamani. Wateja saba walituma picha, nyingi za arusini, bibi arusi mmoja ameshika shada la maua papo hapo kifuani. Mbak Zul alisema kwenye picha unaliona ua lakini huoni uzi unapoingia na unapotokea, na bila hilo utapata ua la watu wote. Alijaribu mkia wa tausi. Ulitoka mkia. Mak hakuuona, lakini alipapasa kile kitambaa kwa kidole gumba, akauliza kimenunuliwa wapi.

Yule mama wa Alhamisi, ambaye Mbak Zul alikuwa akimwahirisha wiki baada ya wiki, hatimaye alikuja na mwanawe. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kumfungia mashine programu yake ya zamani, maana nimemrudishia ule mfumo wa zamani. Nimewarudishia watu kumi na tisa mtaani. Habari ilipoenea walikuja wenyewe, kompyuta kwapani, hata Bu Rumanah, akasema, "Si kwamba sikuamini, Mas. Ila nirudishie D yangu." Nikawagawia tena diski vipande viwili.

Yule mama alisema yeye mwenyewe aliolewa na ua la Mak shingoni, na anataka binti yake aolewe nalo. Mbak Zul akamwambia kwa upole kwamba hatunalo tena. Akamwonyesha maua mengine, ya kununua, yaliyo kwenye maduka yote. Binti akachagua moja, mama yake akatazama pembeni. Walikunywa chai, wakaondoka, na hawakuagiza.

Tukabaki wawili. Kutoka chumbani Mak anasikika anaimbaimba na redio. Mbak Zul akarudi kwenye mashine, akaweka fulana nyingine, akabonyeza, sindano ikaanza kuandika jina la mtoto wa watu. Nilikaa kwenye kile kiti cha wageni ambacho sasa ananipa kila nikija. Nilikuwa na mzaha mmoja mzuri kuhusu yule mbwa wa ndala za kushoto. Niliuacha.

"Mbak," nikasema. "Nitukane."

Sindano ikamaliza herufi, ikahamia nyingine.

"Kwa lugha yetu ya nyumbani. Neno moja tu, lolote. Niite wewe."

Alikata uzi kwa meno, akautazama kwenye mwanga, akauingiza kwenye tundu la sindano. Fulana ikageuzwa.

"Mbak Zul. Tafadhali."